Kiota cha Kifuachungwa

Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya duka la kinyozi na kibanda cha mshonaji. Kwenye kioo cha mlango zilibandikwa picha za pasipoti za watu ambao baadhi yao walikwisha kuota mvi tangu siku walipopigwa. Ndani kulikuwa na pazia lililochorwa maporomoko ya maji, stuli moja inayozunguka, kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiibwe, na masanduku matatu ya mbao: dogo, la kati na kubwa. Masanduku hayo ndiyo yaliyokuwa sheria ya nyumba ile.

Mwenye studio alikuwa mrefu kupita kiasi, na mtaa mzima ulimwita Mlingoti. Kamera yake ilisimama juu ya miguu mitatu ya chuma ambayo parafujo zake zilikwisha kuganda kwa kutu, zikaiacha kamera katika kimo cha macho yake na si cha mtu mwingine yeyote. Mteja mfupi alipandishwa juu ya sanduku. Mtoto mdogo alipandishwa juu ya masanduku mawili, huku mama yake akimshikilia kwa nyuma na kumwomba Mungu.

"Kamera haishuki," Mlingoti alikuwa akisema. "Mteja ndiye hupanda."

Hakuwa fundi mbaya, asisingiziwe. Alilijua jua na kivuli kama mpishi ajuavyo chumvi, na kazi yake aliipenda kwa moyo wote. Tatizo lilikuwa shingo yake. Hakuinama kwa lolote wala kwa yeyote. Suruali yake ilikuwa na mkunjo uliosimama kama wembe, na alisema wazi kwamba mtu mzima mwenye fani yake hawezi kuuvunja mkunjo huo kwa kuchuchumaa mbele za watu. Hata harusini alipiga kila kitu akiwa wima, kwa hiyo mabibi harusi wa mji ule wote walitoka pichani na mapaji makubwa ya uso. Kinyozi, jirani yake, aliapa kwamba angemtambua bibi harusi yeyote wa Mlingoti popote duniani, kwa kuwa lazima awe na paji kama uwanja wa mpira.

Chini ya majivuno hayo kulikuwa na donda ambalo hakumwonyesha mtu. Kwa miaka thelathini picha zake zilikuwa zimetundikwa katika kila sebule ya mji, na hapana hata moja iliyokuwa na jina lake. Wageni waliuliza, "Huyu nani?" Hakuna aliyewahi kuuliza, "Nani kapiga?"

Jumatatu moja asubuhi, mkutubi wa mji aliingia studioni, miwani ikimning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa mama mtaratibu asiyepoteza maneno.

"Fundi, ukumbi wetu mpya wa kusomea utafunguliwa Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Kuna ukuta mmoja tumeuacha mtupu, ule unaoutazama mlango. Kamati inataka picha moja tu ya kuutundikia: kifuachungwa na makinda yake. Tunamsikia akiimba mlimani kila asubuhi, na nusu ya mji haijawahi kumwona. Picha itakuwa kubwa, na chini yake tutaandika jina la aliyeipiga."

"Jina?" Mlingoti aliuliza.

"Jina kamili."

Moyo ulimruka kama wa kijana aliyeitikiwa salamu. "Waambie wasitafute tena," alisema. "Hiyo ni yangu."

Kinyozi alichungulia mlangoni, mkasi mkononi, mteja wake akimfuata na shuka shingoni asipitwe na habari. Kutoka upande wa pili mshonaji, ambaye alikuwa ndiye mke wa Mlingoti, alisimamisha cherehani.

"Baba watoto," alisema, "si ni wewe uliyeshindwa kumpiga picha paka wangu?"

"Paka wako hana adabu."

"Na ndege wa porini wanayo?"

Watu walicheka. Mlingoti alikula yamini mbele yao wote kwamba siku ya ufunguzi picha ingekuwa ukutani, na isipokuwapo kinyozi amnyoe kipara katikati ya barabara. Neno likishatoka halirudi, na kinyozi alianza kunoa wembe wake siku ile ile.

Mlima ulianzia pale mji ulipoishia, na langoni mwa msitu kulikuwa na kibanda cha walinzi. Mlinzi mkuu alikuwa dada yake Mlingoti, mdogo wake wa kufuatana. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene na buti kubwa kuliko miguu. Utotoni kaka yake alimbeba mabegani ili achume mapera ya watu. Utu uzimani alimkejeli kwa jina la Karani wa Ndege, kwa sababu alishinda msituni akiwaandika ndege daftarini.

"Kiota kipo," dada alimwambia kesho yake, Mlingoti alipofika langoni na pikipiki yake. "Makinda ni watatu, wana siku mbili tangu waanguliwe. Wakifikisha kumi na moja au kumi na mbili watatoka, na ukiwakosa hapo umewakosa. Kibali cha kupiga picha kiko mkononi mwangu, kaka, nami nitakupa kwa masharti."

"Sema."

"Kiota kipo chini, shubiri mbili kutoka ardhini, ndani ya shimo la ukingo. Utakaa kwenye kihema cha kujifichia. Kihema kitaanza mbali, na kila siku nitakisogeza hatua chache ili wazazi wakizoee. Utalala kifudifudi. Usikate hata jani moja. Na kila ukiingia nitaingia nawe, kisha nitatoka mimi peke yangu. Ndege hajui kuhesabu. Akiona watu wamekuja na watu wameondoka, kwake banda limebaki tupu."

"Ana hesabu za kinyozi wetu," Mlingoti alisema, wakacheka wote wawili. Lakini alipokiona kihema, kicheko kilimkatika. Kilikuwa kama gunia la kijani lililosimamishwa kwa fito, na mtu hakuingia ila kwa kutambaa.

"Mdogo wangu, mimi nimempiga picha hakimu. Nimepiga mabibi harusi mia tatu. Wote nimewapiga nikiwa wima. Leo nitambae kwenye tope kwa ajili ya kitu chenye uzito wa barua?"

Dada yake alimtazama, akatazama shati lake jeupe na viatu vilivyong'arishwa, akaketi kwenye gogo. "Haya," alisema. "Nakupa robo saa. Piga unavyojua wewe."

Mlingoti alisimika miguu yake mitatu ya chuma hatua nane kutoka ukingoni. Mara ndege akatokea juu ya tawi, mdogo wa kuenea kiganjani, mgongo wa kijivu na kifua cha rangi ya chungwa bivu, kiwavi akimchezacheza mdomoni. Alimwona yule mtu mrefu mwenye shati jeupe, akagoma kushuka. Alilia kwa hasira, tiki-tiki-tiki, na mwenzake akaja wakalia pamoja, kila mmoja na kiwavi wake.

"Geuka huku kidogo!" Mlingoti aliita kwa mazoea. "Tabasamu!"

Ndege waliruka juu zaidi. Dada mtu alijiuma mdomo asicheke. Robo saa ilipokwisha alinyanyuka akachukua miguu ya kamera begani. "Inatosha. Makinda hula kila baada ya dakika chache, na hawa hawatashuka ukiwa hapa. Kesho njoo na nguo za kazi, ulale chini kama watu wengine."

Angesikia hapo, hadithi yetu ingekuwa fupi. Lakini Mlingoti alirudi nyumbani akiwa amevimba kichwa, na usiku mzima alimlaumu ndege, alimlaumu dada, aliulaumu ukingo kwa kuwa chini. Alfajiri ya Jumatano, kabla walinzi hawajaanza zamu, alipita njia ya bondeni akaingia msituni peke yake.

Kiota kilifunikwa na majani mapana ya kangaga yaliyoning'inia mbele yake. Mlingoti aliyatazama kwa jicho la kazi yake. Katika harusi, kabla ya picha, yeye ndiye aliyefunua shela mbele ya uso wa bibi harusi, na hili nalo aliliona shela. Akanyoosha mkono akayakwanyua, moja, mawili, matatu, mpaka shimo likawa wazi juani. Kisha akasimama wima na kuelekeza kamera chini.

Alipiga, akapiga tena. Jua lilipanda. Makinda watatu, uchi kabisa, macho hayajafumbuka, walipanua midomo wakidhani kila kivuli ni mama. Wazazi walilia juu bila kushuka. Baada ya saa nzima mmoja wa makinda aliacha kupanua mdomo, shingo yake ikalala juu ya ukingo wa kiota. Mlingoti aliiona shingo ile katika kioo cha kamera, asijue la kufanya.

Buti zilisikika zikija mbio. Dada yake aliwasikia ndege wakilia tangu mbali. Hakusalimia. Alipiga magoti, akavua kofia akakikinga kiota kisipigwe na jua, na kwa mkono mwingine akakusanya majani yaliyokwanyuliwa, akaanza kuyafunga mahali pake kwa uzi aliotoa mfukoni.

"Mdogo wangu..."

"Ondoka, kaka. Na usirudi."

Alisema kwa sauti ndogo. Mlingoti hakuwahi kumsikia dada yake akisema kwa sauti ndogo tangu alipozaliwa. Akafyata mkia akaondoka.

Mtaani kinyozi alimdaka kabla hajazima pikipiki, akampokonya kamera na kutazama. Kwenye kioo kidogo palionekana shimo lenye kiza na vichwa vitatu vya upara vilivyopigwa kutoka juu. "Jamani!" kinyozi alipiga kelele. "Hata ndege kawatoa mapaji!" Barabara nzima ilicheka. Mlingoti alichukua kamera yake, akaenda kuketi katika kibanda cha mkewe, kwenye rundo la vitambaa.

Mkewe alikuwa kazini. Mteja alisimama mbele ya kioo na gauni refu, na mshonaji alikuwa amepiga magoti miguuni pake, pini zimejaa mdomoni, akizunguka na upindo shubiri kwa shubiri. Alisubiri mpaka mteja alipoondoka, akazitema pini kiganjani.

"Umenyamaza mno. Kuna nini?"

Alimweleza yote, mpaka ile shingo iliyolala. "Hata sijui kama yule kinda amepona," alisema. "Na wifi yako hataki kuniona."

"Basi nenda kamwambie umekosa. Mimi hukunikosea kitu, labda yule paka."

"Nitaanzia wapi? Mimi ndiye mkubwa."

"Baba watoto, unaniona nilipo?" Bado alikuwa chini, magoti sakafuni. "Miaka ishirini na sita nimepiga magoti mbele ya kila gauni katika mji huu. Upindo haupimwi mtu akiwa amesimama. Niambie kweli, umewahi kuniona nimepungua?"

Mlingoti alimtazama mkewe kama mtu aliyewashiwa taa. Jibu lilikuwa hapana, na mtaa mzima uliokuwa ukimwogopa ulimi wake ungekubali.

Alhamisi alienda mlimani kwa miguu. Mlango wa kibanda cha walinzi ulikuwa mfupi, na siku zote yeye aliongea na dada yake akiwa nje, kwa kuwa kuingia kulihitaji kukunja mgongo. Siku hiyo alijikunja akaingia. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi akisugua tope kwenye buti. Mlingoti alichuchumaa mbele yake, mkunjo wa suruali ukavunjika, magoti yakalia kama mlango mkavu.

"Wapo?" aliuliza.

"Wapo. Mmoja nilidhani hataiona jioni. Ameiona, na leo ndiye mlafi kuliko wote."

Mlingoti alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa, na machozi yakampenya vidoleni. Aliyaacha yatoke. "Nimekosa, mdogo wangu," alisema. "Nilikifanya kiota cha watu kama studio yangu. Sijui kitu. Nifundishe."

Dada yake aliweka buti chini. Alikuwa na hasira ya siku mbili iliyopangwa vizuri kichwani, na yote ilimponyoka.

"Utafanya nitakalosema?"

"Hata ukiniambia nibweke."

"Kubweka hakutahitajika," alisema, naye akapangusa macho kwa mkono wenye tope. "Kesho uje saa kumi na mbili. Kamera uiache nyumbani."

Ijumaa, basi, bingwa wa studio aliingia msituni na penseli. Kihema kilikuwa hatua ishirini kutoka ukingoni. Alitambaa ndani kichwa, kifua na kiuno, kihema kikaisha. Miguu ikabaki nje kuanzia magotini. Dada mtu aliizunguka akiipima kwa macho, kisha akaifunika kwa majani makavu.

"Usiitikise," alinong'ona. "Watadhani ni magogo mawili." Kisha akaondoka akipiga buti chini na kuimba kwa sauti yake nene, ili ndege wote wajue kwamba watu wamekwenda zao.

Hazikupita dakika mbili, dume akashuka. Hakulia tiki-tiki. Alishuka kama mwenye nyumba arudivyo kwake, akatua kwenye mzizi uliojitokeza karibu na shimo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaingia. Mlingoti, darubini ya dada yake machoni, alisahau kupumua. Aliandika mstari mmoja daftarini kuihesabu safari ile. Akaja jike, naye akatua kwenye mzizi ule ule. Mstari mwingine. Jike hakuondoka mikono mitupu: alitoka na kifuko cheupe mdomoni, uchafu wa watoto, akaenda kuutupa mbali. "Hata usafi!" Mlingoti alinong'ona peke yake, akifurahi kama aliyeona watoto wake wenyewe wakifagia uwanja.

Siafu mmoja alimpanda shingoni, umande ukamlowesha kifua, na kiwiko kikafa ganzi. Dada yake alipomrudia saa tatu baadaye alikuwa na mistari thelathini na mmoja, na hakutaka kutoka.

"Kila mara hutua kwenye mzizi kwanza," alieleza kwa pupa, majani yakimdondoka nyweleni. "Kila mara! Na saa mbili na nusu jua hupenya pale, kidogo tu, kama tochi. Mdogo wangu, mbona hukuniambia kwamba kazi yako ni tamu hivi?"

"Nimekwambia miaka kumi na mitano, kaka. Ulikuwa juu sana, husikii."

Tangu siku hiyo mambo yalikwenda kwa furaha. Kila jioni dada alikisogeza kihema hatua tatu au nne, na kila asubuhi waliingia wawili akatoka mmoja. Kamera ilirudi, lakini miguu ya chuma ilikataa kushuka hata ilipopigwa nyundo. Mshonaji alishona mfuko wa turubai, akaujaza vipande vya vitambaa, na kamera ikalala juu yake kama mgonjwa juu ya mto. Kisha akamshonea mumewe suruali ya kijani yenye viraka vinene magotini. Mlingoti alipita nayo mtaani mchana kweupe.

"Shemeji," kinyozi alimwuliza mshonaji, "huyu ndiye mume wako, au umebadilisha?"

"Ni yule yule," alijibu. "Nimempunguza urefu tu, alikuwa ananibana."

Picha za siku zile zilikuwa nzuri, na dada alidhani zinatosha. Mlingoti alitikisa kichwa. Makinda walikuwa bado ndani ya kiza, midomo tu ikionekana, na ukuta ule ulitaka wao na mzazi wao pamoja katika mwanga. Jumatano ilipita, makinda wana siku kumi, kihema kiko hatua mbili tu kutoka ukingoni. Ilibaki asubuhi moja. Usiku ule mvua ilinyesha kwa fujo, na Mlingoti alikaa kitandani akisikiliza bati kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Alhamisi msitu ulikuwa unachuruzika. Tope lilifika vifundoni. Alipojinyoosha ndani ya kihema, maji yalimwingia kutoka kola hadi mkandani. Kamera iliyokuwa juu ya mfuko ilionekana kuwa juu mno, ukingo wa kihema ukiikata, kwa hiyo aliutoa mfuko, akachimba kwa vidole kijishimo kwenye tope, akaiweka kamera humo. Kidevu chake kikakaa ardhini. Chini ya hapo mwanadamu hawezi kwenda akiwa hai.

Saa mbili na nusu jua likapenya. Dume alitua kwenye mzizi na kiwavi wa kijani mdomoni, lakini badala ya kuingia alikaa palepale akiita kwa sauti laini. Aliita tena. Kinda mmoja akajitokeza mlangoni mwa kiota, madoadoa kifuani, mkia haupo. Aliyumba kama mlevi, akatazama dunia, akaruka. Alianguka juu ya majani makavu, shubiri chache kutoka puani pa Mlingoti. Akafuata wa pili. Wa tatu, yule mlafi aliyelaza shingo, alisita sana, akajitupa akipiga kelele, akatua juu ya wenzake. Wote watatu wakajipanga juani, midomo wazi, na baba yao akashuka kutoka kwenye mzizi akasimama mbele yao.

Mtu aliyesimama angeona migongo minne kwenye majani. Kutoka pale topeni Mlingoti aliwaona uso kwa uso: macho yaking'aa, makoo ya njano, kifua cha baba kinawaka, na nyuma yao msitu wote umegeuka ukungu wa kijani. Kidole chake kilibonyeza.

Halafu jambo likatokea ambalo halina picha. Jike alikuja na panzi mdomoni, akatafuta pa kutua, akatua juu ya lenzi yenyewe. Alikuwa karibu kiasi kwamba Mlingoti aliweza kuhesabu manyoya ya kifuani. Aliinamisha kichwa, akamtazama mtu yule aliyejaa tope kwa jicho moja jeusi, hakuona cha kutisha, akashuka kuwalisha wanawe. Mlingoti alilala palepale, machozi na kicheko vikimtoka pamoja bila sauti. Magogo mawili nyuma ya kihema yakaanza kutetemeka, na dada mtu, aliyekuwa amejificha mbali kidogo, alilazimika kuziba mdomo kwa kofia.

Kesho yake mkutubi alipewa picha. Alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena. "Fundi," alisema, "hawa wananitazama mimi." Wajumbe wa kamati walikuwa na picha nyingine tano mezani, wakazifunika moja juu ya nyingine bila mjadala.

Mafundi wa ukumbi walikwisha kupigilia misumari juu kabisa ya ukuta, kama picha za watu wakubwa zitundikwavyo. Mlingoti aliitazama ile misumari, akacheka.

"Ishusheni," alisema.

"Kiasi gani?"

Alipiga magoti, akaweka kiganja ukutani. "Hapa. Shubiri mbili kutoka sakafuni. Huko ndiko wanakoishi."

"Hapo watu hawataiona!" fundi alilalamika.

"Wataiona wanaotaka."

Mkutubi alikunja uso, akafikiri, kisha akakubali. Kwa hiyo Jumamosi, mgeni rasmi, mtu mnene mwenye suti nyeusi na tai, alipomaliza kukata utepe aliuzungushia macho ukuta mzima. "Iko wapi hiyo picha ninayoisikia tangu asubuhi?"

"Chini hapo, mheshimiwa."

Mgeni rasmi alisita. Alivuta suruali magotini, akainama. Haikutosha, akachuchumaa, walinzi wake wakimshika viwiko. Kisha kicheko cha mtoto kikamtoka mtu yule mkubwa. "Lo! Wananitaka chakula!" Akageuka, bado amechuchumaa. "Nani kapiga hii?"

Mlingoti alilisikia swali lake la miaka thelathini, akamtafuta dada yake kwa macho. Kinyozi ndiye aliyejibu. Alikuwa amejitupa sakafuni mzima mzima, wembe mfukoni, pua karibu na kibao kilichokuwa chini ya picha, na alisoma kwa sauti ya kufika barabarani: jina kamili la Mlingoti, lile ambalo mkewe alilitumia akikasirika tu. Chini yake palikuwa na mstari wa pili, na kinyozi aliusoma pia: kwamba kiota kilitunzwa na mlinzi wa msitu, na hapo likafuata jina kamili la dada yake.

Dada mtu hakujua habari za mstari ule. Alimpiga kaka yake ngumi ya mgongo, kisha akamkumbatia kiunoni, maana juu ya hapo hafiki. Mshonaji alipiga vigelegele. Na watu wakaendelea kuja, walimu na wachuuzi, wazee kwa fimbo na mabibi harusi wa zamani kwa mapaji yao, kila mmoja akifika ukutani akashuka chini, akakutana na macho ya makinda, akainuka akitabasamu. Hakuna aliyepungua hata inchi moja, na aliyebaki amesimama hakuona kitu, kwani walisema kweli waliosema: mtaka cha mvunguni sharti ainame.